Frigeti Chiffonne: bendera mbili, kazi moja

Vitabu vya manowari za matanga hupenda kuanza kwa kuhesabu mizinga. Hesabu hiyo ina utamu wake, lakini kwa frigeti ya Kifaransa iliyoitwa Chiffonne inapotosha. Merikebu hii iliundwa Nantes, kwenye mto Loire, kwa mchoro wa Pierre Degay, ikashushwa majini mwaka 1799. Ilitumika kwa miaka 15 hivi, na katika muda huo pambano lake lililovuma zaidi halikufika dakika 20. Lilimalizika kwa kushindwa. Mwenye kupima manowari kwa ushindi atairuka na kufungua ukurasa unaofuata. Lakini atakayeuliza ilimbeba nani, ilimpeleka wapi na ilimchomea nani vyombo, atajikuta anasafiri kutoka Paris hadi Shelisheli na Nzwani, kisha kutoka Bombay hadi Maskati na Ras al-Khaima, na njiani atakutana na watu ambao Waswahili wanawajua vizuri.

Swali lenyewe ni hili: frigeti ilikuwa ya nini hasa?

Haikuwa manowari kubwa ya mstari wa vita. Zile kwa kawaida zilibeba mizinga 74 au zaidi kwenye sitaha mbili au tatu, zikaenda kwa vikosi na kusubiri siku ya mapambano makubwa, ambayo mara nyingi haikufika. Frigeti ilikuwa na sitaha moja kamili ya mizinga, milingoti mitatu, mabaharia kati ya 250 na 300, na mbio. Chiffonne ilikuwa na mizinga kati ya 36 na 40, kutegemea nani aliyehesabu. Chombo kama hicho kilipewa kazi zote ambazo kubwa zilikuwa nzito mno kuzifanya: kupeleleza, kusindikiza misafara ya biashara, kuvizia merikebu za adui, kubeba mabalozi, barua na fedha. Boudeuse ndiyo iliyomzungusha Bougainville duniani kati ya 1766 na 1769. Hermione ndiyo iliyompeleka Lafayette Boston mwaka 1780 na habari kwamba Ufaransa inaleta jeshi. Kwa ufupi, mtawala aliyetaka neno lake lifike ng’ambo ya bahari, na lifike likiwa na mizinga nyuma yake, aliita nahodha wa frigeti.

Neno ambalo Chiffonne ilipewa kulifikisha lilizaliwa mtaani Paris.

Usiku wa tarehe 24 Desemba 1800 Bonaparte, aliyekuwa Konsuli wa Kwanza, alikuwa njiani kwenda Opera kusikiliza muziki wa Haydn. Katika mtaa wa Saint-Nicaise paliegeshwa mkokoteni wenye pipa la baruti. Msichana wa miaka 14, Marianne Peusol, alikuwa amepewa vijipesa ashike hatamu za farasi. Baruti ikalipuka, Bonaparte akasalimika, msichana na wapita njia kadhaa wakafa. Kabla ya uchunguzi kupata mwelekeo, Bonaparte alikwisha amua wenye hatia ni Wajakobini, yaani mabaki ya wanamapinduzi wakali wa miaka iliyotangulia. Waziri wake wa polisi, Fouché, alishikilia kwamba njama ilikuwa ya wafuasi wa mfalme. Haikusaidia. Tarehe 5 Januari 1801 Seneti ilipitisha amri ya kuwahamisha watu 130 hivi kwenda ng’ambo bila kesi.

Fouché alikuwa sahihi. Polisi walichunguza mzoga wa farasi, wakampata aliyemuuza, na kwa njia hiyo wakamfikia mmoja wa wafuasi wa mfalme aliyeitwa Carbon, ambaye alikamatwa mwezi huohuo wa Januari. Yeye na mwenzake Saint-Régeant walikatwa vichwa tarehe 20 Aprili. Na Chiffonne? Chini ya kapteni Guieysse, iling’oa nanga Nantes tarehe 14 Aprili ikiwa na Wajakobini zaidi ya 30 tumboni. Wakati frigeti inatoka mdomo wa Loire, waliotega baruti walikuwa gerezani Paris wakisubiri kisu, na serikali ilijua. Hakuna aliyetuma boti kuirudisha. Mwandishi yeyote anayesimulia safari hii kama habari ya mawimbi na mizinga tu anaiacha nje sehemu yake yenye uzito.

Safari ilichukua takriban miezi mitatu. Njiani frigeti ilifanya pia kazi yake ya kawaida. Mbali ya pwani ya Brazili, mwezi Mei, iliikamata manowari ndogo ya Kireno, Andorinha, ikaipokonya silaha na kuiacha iende zake. Mwezi Juni, katika mlango-bahari wa Msumbiji, iliinasa merikebu ya biashara ya Kiingereza, Bellona, yenye shehena nono, ambayo ilipelekwa Île de France, kisiwa tunachokiita Morisi leo. Kwa mabaharia ngawira ya namna hiyo ilikuwa nusu ya sababu ya kuvumilia biskuti zenye wadudu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na fungu lake. Wafungwa walioshuhudia yote hayo hawakuwa na fungu lolote. Julai waliteremshwa Mahé, Shelisheli.

Kwa nini Shelisheli? Kwenye ramani ya Paris palionekana mbali, na hilo lilitosha. Ila visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi havikuwa mahali patupu pa kutupia watu. Uchumi wao ulisimama juu ya watumwa, na wengi wa watumwa hao walitoka Msumbiji, Madagaska na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka. Ingawa mkataba wote haukutimizwa, biashara yenyewe iliendelea, na Kilwa ilinawiri kwayo kwa muda. Kisha yakaja mapinduzi. Februari 1794 bunge la Paris lilifuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Mwaka 1796 kikosi cha frigeti za Admirali Sercey kiliwaleta Île de France wajumbe wawili, Baco na Burnel, waje kutekeleza amri hiyo. Wenye mashamba hawakubishana nao sana. Waliwakamata, wakawapakia kwenye chombo kingine na kuwafukuza.

Kwa wenyeji wa namna hiyo, shehena ya Chiffonne ilikuwa balaa. Wajakobini walikuwa watu wa maneno, tena maneno ya usawa, na waliletwa kukaa ubavuni mwa watumwa wengi kuliko mabwana wao. Paris iliwaona kuwa wauaji. Mahé na Île de France zilihofia hasa kwamba wangeweza kusikilizwa.

Frigeti yenyewe haikupata muda wa kuondoka. Agosti 1801 ilikuwa imetia nanga Mahé, mlingoti wake wa mbele ukiwa umeondolewa kwa matengenezo, huku nchi kavu pamewekwa mizinga michache na tanuri la kuchemshia risasi ziwe nyekundu kabla ya kufyatuliwa, maana risasi ya moto ikikwama ubavuni mwa merikebu ya mbao huiunguza. Ikaingia manowari ikipeperusha bendera ya Kifaransa na kujibu ishara iliyotwekwa kisiwani. Ilikuwa frigeti ya Kiingereza Sibylle, chini ya kapteni Charles Adam. Hila hiyo ilikubalika katika desturi za vita za wakati ule, mradi bendera ya kweli ipandishwe kabla ya mzinga wa kwanza. Adam aliipitisha frigeti yake katikati ya miamba asiyoijua, akatia nanga karibu, akafyatua. Dakika 17 baadaye Chiffonne ilishusha bendera, ikakata amari na kuburutwa na maji hadi kwenye mwamba. Wafaransa 23 waliuawa na 30 wakajeruhiwa. Waingereza walipoteza watu wawili.

Tofauti hiyo kubwa ya vifo imewafanya waandishi wa Kiingereza kumsifu Adam, na kupita na frigeti kwenye miamba ya Mahé si jambo dogo. Lakini ni haki kusema alimshinda adui aliyefungwa nanga, mwenye milingoti miwili, asiyeweza kugeuka wala kukimbia. Aliyeipeleka Chiffonne kwenye hali hiyo ni Paris, iliyoituma mwisho wa dunia kwa kazi ya ulinzi wa magereza, kwenye bandari isiyo na gudi wala mbao za kutosha.

Sibylle nayo ilikuwa ya Kifaransa. Iliundwa Toulon mwaka 1791, ikatekwa na Waingereza Mykonos mwaka 1794, na miaka mitano baadaye, katika Ghuba ya Bengal, ikaiteka Forte, mojawapo ya frigeti za kile kikosi cha Sercey. Mafundi wa Kifaransa walikuwa wakiunda merikebu nyembamba zenye mbio, na Waingereza walizipenda kiasi cha kuzikarabati na kuzirudisha vitani dhidi ya walioziunda. Néréide ilikwenda mbali zaidi: iliundwa Saint-Malo 1779, ikatekwa na Waingereza 1797, ikarudi mikononi mwa Wafaransa Agosti 1810 katika pambano la Grand Port, na mwezi Desemba mwaka huohuo ikaangukia tena kwa Waingereza pale Île de France yote iliposalimu amri. Grand Port ni ushindi wa baharini ambao Wafaransa wameuchonga kwenye Tao la Ushindi la Paris. Miezi mitatu na ushei baadaye kisiwa chenyewe hakikuwa chao.

Mafundi wazuri, basi, hawakutosha. Uingereza ilikuwa na mabaharia wanaoshinda baharini mwaka mzima, hivyo wakazoea kufyatua haraka. Wafaransa, waliozingirwa bandarini mwao na ambao maofisa wao wengi wa zamani walikimbia mapinduzi, walijifunza kazi wakiwa tayari safarini. Hilo linaeleza kwa nini frigeti nyingi zilibadili bendera upande mmoja, na chache upande mwingine.

Wafungwa waliokuwa wamebaki Mahé waliongezewa wengine walioletwa na korveti Flèche, ambayo nayo ilizamishwa hapohapo Septemba 1801 baada ya kupambana na manowari ya Kiingereza Victor. Kwa wakoloni ilikuwa imetosha. Mwaka 1802 zaidi ya 30 kati ya waliohamishwa walipakiwa tena na kupelekwa Nzwani, kisiwa cha Komoro ambacho Wafaransa wanakiita Anjouan. Walishushwa Mutsamudu, mji wa mawe wa watu wenye undugu wa lugha na dini na Waswahili wa Unguja, Mombasa na Lamu, kwa sultani aliyekuwa na shida zake mwenyewe: miaka ile mitumbwi ya Wasakalava na Wabetsimisaraka kutoka Madagaska ilikuwa ikivamia Komoro na kuteka watu. Hakuna aliyewauliza wafungwa, na hakuna dalili kwamba watu wa Nzwani walikuwa na hiari kubwa katika jambo hilo.

Wengi wao walikufa ndani ya wiki chache. Mmoja alikuwa Jean Antoine Rossignol, fundi wa dhahabu wa Paris aliyeshiriki kuivamia Bastille mwaka 1789, akapanda hadi kuwa jenerali katika vita vya Vendée. Alifia Nzwani mwaka 1802. Walionusurika walizungumzia sumu. Homa inatosha kueleza vifo hivyo: watu waliochoka, wageni wa malaria, wanatua Mutsamudu mwishoni mwa msimu wa mvua bila dawa wala chakula cha uhakika. Hata hivyo, shaka ya sumu haikuzuka bure. Watu waliokwisha kufukuzwa mara mbili bila kesi hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba mara ya tatu ingefanywa kwa huruma.

Merikebu nayo iliingia jeshini mwa Uingereza bila hata kubadilishwa jina. Mwaka 1805 ilikuwa kwenye mfereji wa Uingereza, chini ya Charles Adam yuleyule, ikifukuza msafara wa vyombo vya Kifaransa hadi ukajibanza chini ya mizinga ya Fécamp. Sehemu hii ya maisha yake ni ya kawaida mno: ulinzi, doria, dhoruba. Iliyofuata siyo.

Mwaka 1809 serikali ya Kiingereza ya Bombay, chini ya gavana Jonathan Duncan, iliamua kutuma msafara wa vita katika Ghuba. Tuhuma safari hii ilikuwa ya uharamia, na watuhumiwa walikuwa Waqasimi, mabaharia wa Ras al-Khaima, Sharja na Linga. Mwaka uliotangulia walikuwa wameiteka merikebu ya biashara Minerva na kuifanya chombo chao cha vita. Bombay ilikusanya frigeti mbili, Chiffonne na Caroline, pamoja na vyombo kadhaa vya Kampuni ya Mashariki ya India na askari wa Luteni Kanali Lionel Smith. Mkuu upande wa bahari alikuwa John Wainwright, kapteni wa Chiffonne. Waliondoka Septemba, pepo za kusi zikiwa zinaisha, na mapema kabisa wakapoteza Stromboli, chombo chao cha kurushia makombora, kilichozama.

Oktoba walifika Maskati. Aliyewapokea alikuwa kijana wa miaka kama 18, Sayyid Said bin Sultan. Alikuwa na kisa chake na Waqasimi: baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini karibu na Linga mwaka 1804 akipigana nao. Yeye mwenyewe alishika madaraka 1806 baada ya kumuua Badr bin Saif. Alipoona nguvu walizokuja nazo Waingereza, aliwaambia hazitoshi. Wageni hawakutaka ushauri huo, lakini mwenyeji ndiye aliyejua hesabu.

Novemba 12 na 13 Chiffonne na wenzake waliipiga Ras al-Khaima, wakashusha askari, wakauchoma mji na vyombo zaidi ya 50, Minerva ikiwa mojawapo. Asubuhi ya tarehe 14 walirudi merikebuni harakaharaka, kwa sababu jeshi la Waarabu lilikuwa likikaribia kutoka bara. Wakavuka hadi Linga na kuchoma vyombo vingine 20, kisha Laft kwenye kisiwa cha Qeshm. Mwanzoni mwa Januari 1810, wakiwa pamoja na askari wa Sayyid Said, waliipiga ngome ya Shinas kwenye pwani ya Oman hadi ikabomoka kiasi kwamba Said, aliyekabidhiwa, aliona haifai kuishika. Msafara ukarudi Bombay na sifa. Mashua zikaundwa upya. Kabla ya miaka kumi kwisha Waingereza walilazimika kurudi wakiwa na askari karibu 3,000, wakaiteka Ras al-Khaima Desemba 1819, na Januari 1820 wakawatia masheikh sahihi kwenye mkataba wa jumla. Said alikuwa ameona sawasawa.

Je, Waqasimi walikuwa maharamia kweli? Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharja na mwanahistoria, aliandika kitabu kizima mwaka 1986 kupinga tuhuma hiyo, akisema Kampuni ya Mashariki ya India iliikuza ili kuwaondoa washindani wake wa biashara. Watafiti wengine wanasema mashambulizi yalikuwepo, ila yalikuwa sehemu ya vita vya pande nyingi: Maskati dhidi ya Ras al-Khaima, Wawahabi wa Najd nyuma ya hawa, Waingereza nyuma ya wale. Minerva ilitekwa, hilo halina ubishi. Lakini Bellona nayo ilitekwa, na aliyeiteka katika mlango-bahari wa Msumbiji alilipwa fungu la ngawira kwa sheria ya nchi yake. Iliyoamua nani ni haramia na nani ni askari ilikuwa mahakama ya aliyekuwa na frigeti. Waqasimi hawakuwa na moja.

Hapo ndipo maisha mawili ya Chiffonne yanapokutana. Mwaka 1801, chini ya bendera ya rangi tatu, ilipeleka ng’ambo watu walioshitakiwa kosa lisilo lao. Mwaka 1809, chini ya bendera ya Kiingereza, ilipeleka ng’ambo adhabu kwa watu ambao kosa lao lilikuwa na mwanzo mwingine kabisa machoni pao. Mara zote mbili hukumu ilitangulia ushahidi, na mara zote mbili ilibidi kuwe na chombo cha kuifikisha. Kazi ya mizinga ilikuwa siku chache katika miaka 15. Kazi ya kufikisha ilikuwa yote iliyobaki. Mwaka 1814, vita na Bonaparte vikiwa vimetulia, Waingereza waliiuza kama walivyouza manowari nyingi zilizochoka.

Sayyid Said alikuwa bado kijana, na alikwisha ona frigeti inaweza kufanya nini kwenye ngome ya pwani. Aliagiza manowari zake Bombay, ikiwemo Liverpool ya mizinga 74 iliyoshushwa majini 1826. Januari 1828 alitia nanga nayo Mombasa, akiwa na vyombo vingine vya vita, kuwadai Wamazrui utii. Kwa Said walikuwa waasi. Wao walijiona watawala wa mji ambao babu zao walikuwa wameushika karibu karne nzima. Iliwachukua pande hizo mbili miaka tisa, misafara zaidi ya mmoja na mapatano yaliyovunjika, hadi 1837, Wamazrui walipogawanyika wenyewe kwa wenyewe na Said akaingia Ngome ya Yesu. Muda si mrefu baadaye wakuu wa Wamazrui, akiwemo liwali wao wa mwisho Rashid bin Salim, walikamatwa kwa hila, wakapakiwa merikebuni bila kesi na kupelekwa Bandar Abbas, upande wa pili wa bahari, ambako wengi wao walifia kifungoni.